Kufumua

Jumanne, saa tisa alasiri, ghorofa ya juu ya maktaba ya Covilhã,
kompyuta saba, sita zinawaka.
Ya saba ilikufa Novemba. Tunaiwekea makoti.

Naanza na kipanya, kama kila mara.
Nasema: kishike kama yai, si kama nyundo.
Mzee Abílio anakinyanyua, anakielekeza kwenye kioo,
anabonyeza kama abadilishaye chaneli,
anasubiri. Nasi tunasubiri naye.
"Hakijanizoea," anasema.

Sibishi.
Mimi mwenyewe kufunga tai nilifundishwa mara nne.

Wa dirishani ni Bi Deolinda. Miaka thelathini na minane
katika kiwanda cha sufu, kule chini mtoni,
kazi yake kutafuta kosa:
kidole juu ya kitambaa, macho kwingine,
mpaka kidole kisimame chenyewe
penye uzi uliokatika.
Leo kidole hichohicho hakiioni c yenye mkia.
Kinazunguka juu ya kibodi
kama kuku anayetafuta pa kutagia.
"Aliyezipanga herufi hizi alikuwa amelewa?"
Namwambia sijui, huenda.

Wiki ya pili tulitunga nywila.
Nikasema: usiiandike popote, usimwambie mtu, hata mimi.
Akaniinamia, akaninong'oneza yote, herufi kwa herufi:
namba ya mtambo wa mama yake, jina la mbwa.
Tangu siku ile najitahidi kusahau.

Leo anamwandikia dada yake aliyeko Lyon.
Hawajasemezana tangu nyumba ya wazazi igawanywe
na saa ya ukutani ipotee.
Mistari tisa, dakika hamsini.
Sijaisoma. Nimeona tu kwamba haina nukta,
maneno yameshikana mikono
kama watoto wanaovushwa barabara.

Kisha kiwiko, au shali, au ibilisi:
ukurasa mzima ukageuka buluu,
akagusa kitufe kimoja,
ukawa mweupe.

Hakupiga ukelele. Aliweka mikono mapajani
kama aliyeitwa ofisini kwa msimamizi.
"Kiwandani," akasema, "hili lilikatwa kwenye mshahara."

Nikamwonyesha: hiki cha pembeni, chini, kishikilie.
Usikiachie. Sasa Z.
Ikarudi mistari yote tisa,
bila lawama.

Akanitazama. Akabonyeza tena.
Neno la mwisho likaondoka. Tena.
Ukafumuka mstari wa tisa, wa nane, wa saba,
akifumua kama ajuaye kufumua,
pasipo pupa, uzi baada ya uzi
(kumbe fundi humjulia hapo,
siyo anapofuma),
mpaka likabaki "Dada" peke yake,
na kile kijiti kinachopepesa.

"Na nyuma zaidi?"
"Nyuma zaidi hakuna kitu, Bi Deolinda. Hurudi mpaka ulipoanzia."
"Leo?"
"Leo."
"Leo tu?"
Akatikisa kichwa taratibu
kama aliyepewa chenji pungufu
na foleni nyuma yake ni ndefu.

Hapo Mzee Abílio akaniita.
Kaandika jina lake lote kwa herufi kubwa,
anataka kujua mashine inamfokea kwa kosa gani.
Nikaizima ile taa ndogo ya kibodi.
Akaandika tena, kwa herufi ndogo,
akalisoma kwa sauti, akaona aibu kidogo:
"Hivi nafanana na mtoto."

Nilirudi dirishani na somo langu mkononi,
jinsi ya kurudisha kilichorudishwa,
vitufe viwili vingine, mistari yote ingekuwa hai.
Hakuutaka. Alikuwa ameanza upya.
Sikukusudia kusoma, lakini maneno yalikuwa machache
na kioo ni kikubwa:

Dada saa ninayo mimi

Kidole chake kilikuwa hewani,
kinazunguka, kinashuka, kinasita.
"Mwalimu," akaniuliza,
"nukta iko wapi?"