Luku Ilikata Sehemu ya Arobaini na Tatu

Alhamisi saa mbili na nusu, Mpwapwa nzima ilikuwa na mama mmoja,
yule wa kwenye runinga,
anayesema haraka kama anadaiwa,
na bintiye anayejibu kabla swali halijaisha.
Wazungu wawili waliotiwa Kiswahili:
midomo ikishafunga, sauti bado iko njiani,
inakuja inahema
kama mtu aliyekimbilia basi la Gulwe.

Mama yangu hakuwangoja.
Yunisi Chilongani, fundi cherehani, miaka thelathini na minne
(mimi kumi na saba; piga hesabu mwenyewe,
kanisani walishapiga),
alibishana nao pini zikiwa mdomoni:
"Usimfungulie huyo mwanamume! Ana viatu vya mwongo."
Akafunguliwa.
Mama akazitema pini kiganjani
apate kumtukana vizuri.

Usiku ule binti wa runinga alikuwa na barua.
Shule ya mbali, jina refu, majani yametambaa ukutani.
Akaichomeka ndani ya kitabu, mama yake akapita,
muziki ukanyong'onyea.
"Mtoto gani huyu," mama yangu akasema,
"anamficha barua mtu aliyemzaa?"

Nami nimekalia mto wa kochi,
na chini ya mto, kidato cha tano, Iringa,
muhuri wa bluu.
Nilikula karanga.
Nilikula karanga nyingi sana.

Yule mama akaiona barua. Akaishika.
Akafungua mdomo

luku ikakata.

Upepo wa Julai unashuka Kiboriani, unagonga bati.
Kwa jirani runinga inaendelea:
tunasikia wanacheka, hatusikii wanachochekea.
Nilingoja aseme, "Kimbia kanunue umeme."
Hakusema.
Kisha gizani, sauti peke yake, haina midomo:
"Sasa na wewe, ya kwako umeiweka wapi?"

Mwalimu Nghambi alileta suruali ipunguzwe kiuno,
akaacha na habari.
"Wiki tatu, Damari. Wiki tatu
nagombana na wazungu mpaka koo linakauka,
nikidhani wewe ndiye utakayesikia."

Hapo nikaikumbuka sketi.
"Panda kwenye stuli," alikuwa ameniambia,
"kuna mteja ana kiuno kama chako."
Akanizungusha, akanichoma pini mara mbili, hakuniomba radhi.
"Huyu mteja bado anakua. Namwachia pindo."
Kijani kibichi, marinda manane.
Nilimwonea wivu yule mteja
siku nne nzima.

Tulicheka. Tulicheka hadi karanga zikamwagika,
tukazitafuta kwa magoti, kwa vidole,
hadi mmoja wetu akawa hacheki tena.
Giza lilikuwa jema. Hatukuulizana ni yupi.

Mwisho wa sehemu ile sijauona mpaka leo.
Waliirudia Jumapili; mama alikuwa kwaya,
mimi nilikuwa napiga pasi.

Stendi, saa kumi na mbili asubuhi, dirisha la basi halifunguki.
Nje ya kioo mama yangu, kitenge kimemkaa upande,
midomo inakwenda, inakwenda,
anaonyesha begi, anaonyesha tumbo lake, kidole kinakanya.
Sikusikia hata neno.
Nikaitikia yote kwa kichwa,
hata lile ambalo huenda lilikuwa swali.

Tulipofika Mbande konda akapita anauliza, "Damari ni nani?"
akanipa simu yake, ya moto, ina harufu ya vitunguu.
Sauti ikafika, inahema:
"Nilisema karanga ziko mfuko wa pembeni.
Nilisema pindo ni inchi mbili, usimpe mtu mwingine alifumue.
Nilisema..."

Mtandao.

Konda akanyoosha mkono.
Nikaiacha sikioni bado,
nikiangalia mizabibu ya watu ikipita,
kwa sababu huwa anachelewa kidogo,
mama yangu,
lakini hufika.