Chafya

Suruali zangu zilirefuka. Nikamlaumu dobi
wa Barabara ya Narborough.
Kumbe mimi ndiye niliyefupika.

Januari, kituo cha basi, Leicester nzima barafu,
nikapiga chafya moja:
ubavu ukalia ko!

Nesi Gwenda akanipima. Sentimita tatu hazipo.
Akashusha sauti, akaulizia usingizi, nguvu,
habari za chumbani.
Homoni, alisema, huhama bila kuaga,
mfupa ukabaki kama mbao iliyoonjwa na mchwa.
Miaka minne nilimdanganya Mwanaidi:
"Ni shifti za usiku."

Kinyozini tunajua mpira, gia, bei ya dizeli.
Leo nikasema: jamani,
mficha maradhi, chafya humuumbua.

Mkasi ukasita.
Haidari akainama,
akalitazama pindo la suruali yake.