Piga Bure

Aliyeipaka hakuwa na haraka.
Rangi ya kijani, herufi za kunyooka,
ukuta mzima wa zahanati:
PIGA SIMU BURE. SAA ISHIRINI NA NNE.
Chini yake namba, na chini ya namba
mbuzi wa mzee Mwalwisi wakajikuna
mpaka sifuri ya mwisho ikapauka.

Kibanda changu kinatazamana na ukuta huo.
Nachaji simu, mia tatu kwa moja,
nauza vocha, viberiti, chumvi ya kupima,
na Juni, ukungu wa Uporoto ukishuka saa tisa mchana,
jiko langu huwa na makaa,
na anayengoja simu ijae hupenda kuongea.

Ndivyo nilivyoyasikia.
Ambakisye alipiga kuulizia mbolea ya ruzuku,
viazi vimeshatoa maua, mfuko haujafika.
Alikuwa na mia nne na kumi.
Akatazama: mia mbili na tisini.
"Labda ni kodi," akasema,
kama mtu anayemtetea shemeji yake.
Binti wa Mwalwisi hakusema alichopigia.
Alisikiliza kinanda, akakata, akafuta pua,
akanunua vocha nyingine.
Nikaanza kuandika katika daftari la mwanangu,
upande wa nyuma, baada ya hesabu za kugawanya:
jina, salio la kwanza, salio la pili.
Kurasa tatu zimejaa.

Halafu usiku ule wa Syabumi.
Mkamwana wake, mimba ya miezi minane,
kaanguka jikoni, macho meupe, meno yameumana.
Nesi yuko Tukuyu tangu juzi.
Syabumi kagonga dirisha langu na simu ya tochi,
ndani yake jero,
tukapanda mbio mpaka nyuma ya shule, penye mtandao,
baridi inakata masikio.

"Kwa Kiswahili, bonyeza moja."
Tukabonyeza.
"Simu yako ni ya thamani kwetu."
Tukaamini.
Kinanda. Kinanda tena.
Kisha kijana, sauti ya upole, ya mtu aliyekula,
akauliza jina, akauliza wilaya, kata, umri,
nasi tukamjibu kwa pamoja, tukikanyagana maneno,
mpaka akasema: "Sikiliza, mama. Mlaze kwa ubavu,
ubavu wa"

Salio lako halitoshi.

Ubavu upi?
Tuliteremka tukiuliza mahindi.
Syabumi akamlaza kushoto
kwa kuwa kushoto ndiko kulikokuwa na blanketi.

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili:
kisicholipiwa, na kisichofaa kitu.
Nimepiga bure.
Nimepiga bure.
Sema mara mbili, halafu niambie
ipi ndiyo shukrani.

Asubuhi niliwapigia wenye mtandao.
Dada mmoja akasema namba ile haikati hata senti,
niwaulize wenye namba.
Wenye namba wakasema niwaulize wenye mtandao.
Hela ikawa haina mwenyewe,
ila ilikuwa na mfuko.
Kuuliza huko kulinigharimu mia moja na sabini.
Nimejiandika mwenyewe, ukurasa wa nne.

Mkamwana amepona. Ulimi una kovu alipojiuma,
herufi "s" inamtoka kama upepo chini ya mlango.
Mtoto ana miezi saba, mzito kama debe.
Ijumaa alikuja naye mgongoni, akanunua vocha ya jero,
akauliza kama namba ya ukutani bado ni ya bure.
Nikamwambia ukuta haujabadilika.

Sikumwambia lingine.
Katika kila jero mimi nabaki na shilingi ishirini na tano.
Na jero ile ya usiku ule
Syabumi aliinunua kwangu, jioni,
akahesabu sarafu moja moja juu ya mbao hii.
Ishirini na tano zile nilizipokea.
Sikumbuki nilizinunulia nini.