Kimya Nilichokikata

Nilimrekodi bibi Eduvina jikoni kwake, Antofagasta,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari.
Akaitazama kwa shaka, akaifunika kitambaa
kama afunikavyo mkate:
"Ikiniona nitasahau. Isikie tu."

Kwa hiyo kwanza utasikia kitambaa.
Kisha muuza gesi akigonga mitungi mtaani,
kisha mbwa wa jirani, kisha yeye
akiniuliza mara ya tatu kama nimeshiba.

Halafu anaingia jangwani bila hodi.
Nyumba yetu ilikuwa ya bati, anasema,
mchana inachoma, usiku inalia.
Baba alichimba shura, akalipwa vibati vyenye tundu,
pesa isiyojua njia ya kutoka kambini:
ilinunua unga kwenye duka la kampuni,
na mizani ya duka la kampuni ilikuwa kilema,
daima imelalia upande wao.
Anacheka hapo. Kicheko kinapita kwenye pengo la jino.

Mvua aliiona akiwa na miaka tisa,
akakimbilia ndani kumwambia mama
kwamba bomba la kampuni limepasuka mbinguni.

Makaburini hapakuota ua, anasema,
basi mama alikata makopo ya maziwa kwa mkasi,
akakunja petali za bati, akazipaka
rangi iliyobaki mlangoni.
"La kwanza nililishika mimi. Likanikata kidole.
Lilikuwa la Nolberto."

Hapo akanyamaza.
Sekunde sikuziona, zilikuwa chini ya kitambaa.
Birika likaanza kuguna, likachemka, likapiga mluzi,
na hakuna aliyeinuka.
Mwishowe akasema, "Zima."
Nikazima simu.

Usiku nikaipepeta sauti kama mchele.
Nikatoa mbwa, nikatoa mitungi, nikatoa kikohozi,
nikatoa dakika saba za bure
na mluzi wake,
nikawatumia wote: mabinamu wa Calama,
yule wa Santiago asiyejibu kamwe,
babu Baudilio, ndugu yake bibi,
aliyeko Malmö tangu mwaka wa sabini na nne.

Wakajibu upesi. Mmoja akasema safi sana.
Mwingine akabisha: nyumba ilikuwa ya mbao,
bati lilikuwa paa tu, bibi anachanganya.
Babu Baudilio alikaa siku tatu, kisha akapiga.
"Yasna, baada ya Nolberto umeweka nini?"
Sikuweka kitu, babu. Alinyamaza tu.
"Kwenye jiko kulikuwa na nini?"
Birika.
"Likachemka?"
Likachemka.

Nikasikia kiti chake kikisogea, huko kwenye theluji.
"Chai ya dada yangu umekunywa miaka mingapi?"
Na hapo nikakumbuka: vuguvugu,
miaka yote vuguvugu, tumeicheka harusini,
tumeicheka matangani, chai ya bibi
isiyoyeyusha hata sukari.

"Alikuwa na miaka kumi na miwili," akasema.
"Juu ya matangi ya kuchemshia shura
palikuwa na ubao. Mwembamba. Wa kupitia."
Akaishia hapo,
na safari hii sikukata.

Takataka za simu hukaa siku thelathini.
Nilizikuta dakika zangu saba siku ya ishirini na sita,
nikazirudisha na mbwa wake, na mitungi yake,
nikatuma tena, nikaandika neno moja: Msiruke.
Yule wa Santiago alisikiliza hadi mwisho.
Hakujibu.

Jumapili nikamsikilizisha bibi mwenyewe.
Aliinamisha kichwa upande wa sikio zuri.
Mluzi ulipofika hakushtuka, aliuhesabu,
midomo ikienda polepole, kama mtu anayekagua chenji.
"Nilikwambia uzime birika," akasema.
Nilidhani simu, bibi.
"Mm."
Akakung'uta makombo mapajani.
"Haya. Teleka maji."

Nikateleka.
Nikasimama kando ya jiko, vidole kwenye swichi,
yeye ananitazama,
wala sikujua nizime lini.