Gauni la Kuchanika

Walinijia mwezi wa Machi, joto la Malindi limekalia mabati,
wakaniambia wanataka gauni moja tu,
lakini lichanike.
Lichanike kila usiku, pale pale,
na asubuhi niwe nimelishona.

Mchezo gani huo?
Baleti, akasema Nyevu, yule mwembamba anayetembea
kama anayekwepa madimbwi.
Mimi nikasikia balaa.
Hakucheka. Akasema: na hiyo pia imo.

Miaka ishirini na sita nimekaa na cherehani hii Barani,
kati ya duka la simiti na kinyozi.
Nimeshona sare za shule, mapazia ya hoteli, sanda mbili.
Na nimeshona kazi ya msumari.
Maana kila Jumatatu huja mmoja, gauni limo kwenye mfuko wa karatasi:
limenasa msumarini, Bi Barke.
Mlango una msumari, kitanda kina msumari,
hata ukuta wa udongo, jamani, una msumari.
Nami huukata uzi kwa meno,
na mdomo wenye uzi hausemi.

Walifanyia mazoezi ghala lililokuwa la korosho,
sakafu bado inanuka mafuta yake.
Nikakaa juu ya gunia, pini kifuani, nikatazama.
Umazi akasimama kwa ncha za vidole
hadi shingo ikawa ndefu kama swali.
Tsofa, mpole yule, ambaye huko nje humbebea mkoba,
akanyoosha mkono, akashika bega, akavuta.
Krrr.
Umazi akaanguka kama leso iliyoponyoka kambani,
polepole, vizuri.

Vizuri mno. Ndipo nilipokosea nikasema:
Siyo begani.
Muziki ukazimwa. Wote wakanigeukia, mimi na futi yangu shingoni.
Gauni halichaniki begani, nikasema, bega lina mshono mara mbili.
Huchanika kwapani,
kwa sababu mkono unakuwa umeinuka
kuukinga uso.

Feni tu ikizunguka.
Na mtu haanguki hivyo, nikaendelea, nani angenifunga mdomo sasa?
Kwanza anatazama jiko, kama liko mbali na mtoto.
Kisha mlango, kama jirani anapita.
Ndipo anaanguka, na akianguka anashika kitu:
pazia, mguu wa meza,
mguu wa huyo huyo.

Nyevu hakuniuliza nimejuaje.
Alichukua kalamu, akafuta ukurasa mzima.
Umazi akashuka kutoka kwenye ncha zake,
akakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, akasema:
nionyeshe, Bi.
Nikainua mkono.
Goti langu la kushoto likalia, lile lile.

Usiku wa onyesho viti vilikuwa vya kukodi, vya harusi,
vingine bado vina utepe.
Wanaume wachache walikaa karibu na mlango, simu mikononi.
Lilipochanika, kwapani, bandi zangu saba zikiachia moja moja,
hakuna aliyepiga makofi.
Safu ya tatu nikaona mikono ikisogea gizani,
huyu, na huyu, na mke wa mwenye simiti,
kila mmoja akijigusa chini ya kwapa
kama anayetafuta kitu alichokisahau hapo.

Taa zilipowaka, Tsofa alikuwa nyuma ya pazia
akivitazama viganja vyake, machozi yanamtoka.

Jumatatu akaja mmoja. Mfuko wa karatasi.
Limechanika, akasema.
Wapi?
Akauweka mfuko mezani, hakuufungua.
Nikangoja msumari.
Haukuja.
Nikaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani,
nikamsogezea kiti.