Deni Ameacha Kucheua

Bi Somoe alipiga simu saa nane usiku:
"Bwana mifugo, Deni ameacha kucheua."
Nikawasha pikipiki, nikapita mikorosho ya Mahuta,
mabibo yametapakaa chini, mekundu, manjano,
harufu ya sukari iliyoanza kubadili nia.

Deni ni mbuzi. Alinunuliwa kwa ahadi
ya malipo ya korosho ambayo hayajaingia,
jina likabaki shingoni kama kamba.
Juzi kamba ya kweli ilikatika,
akakuta lundo la makapi nyuma kwa Mnalimbo,
yule anayekamua mabibo apate uraka.
Akala kana kwamba anadaiwa yeye.

Nilimkuta kasimama, miguu kaitanua.
Ubavu wa kushoto umepanda kuupita uti wa mgongo.
Nikaugonga kwa kidole: ndi, ndi.
Ngoma, ila ngoma isiyotaka mchezaji.

Somoe kashika tochi ya simu. "Ndani kuna nini?"

Ndani, mama, kuna nyumba ya vyumba vinne.
Cha kwanza ndicho kile sokoni unakiita taulo:
pipa ambamo vijidudu visivyoonekana
vinachachusha majani mchana na usiku
wala havijawahi kuomba posho.
Sega linasukuma tonge lirudi mdomoni.
Kitabu kinakamua maji, ukurasa kwa ukurasa,
na sisi wa huku juu tunaonunua maji kwa ndoo
hatuhitaji kuelezwa faida ya kukamua.
Cha nne ndicho tumbo kama langu na lako.
Leo taulo limekuwa pipa la Mnalimbo.
Hewa inazaliwa, mbweu haitoki.

"Sasa mbona anahema? Hakukimbia."

Kwa sababu majirani hawa wanatumia ukuta mmoja,
unaitwa kiwambo, jina lile lile la ngozi ya ngoma.
Tumbo likisukuma, kiwambo kinasogea,
na mapafu, mti ulioota kichwa chini,
yanakosa pa kutandazia matawi.
Nilihesabu: pumzi sitini na nne kwa dakika,
fupi, za juu juu,
kama mtu anayekunywa chai ya moto gari linapiga honi.

Damu haikujua habari hizi. Ilirudi imechoka
moyoni upande wa kulia, kama desturi,
ikatumwa mapafuni kuchukua hewa
ili irudi kushoto, iende kwatoni, pembeni, kiweleni.
Ikakuta duka limefungwa.
Fizi zikawa rangi ya wino.
Moyo ukaongeza mbio. Ungefanya nini zaidi?
Moyo unajua kazi moja tu.

Chombo tulichofundishwa chuoni sina.
Nina sindano nene, spiriti, mkono unaotetemeka.
Pembetatu: ubavu wa mwisho, nyonga, mgongo.
Kushoto. Kushoto, nikajiambia,
kama mtoto anayejifunza kuvaa viatu.

"Mshike."
"Nimemshika."

Sssssss.

Uraka ukajaa zizi zima.
Mnalimbo, aliyekuja na shuka begani,
akanusa, akasema, "Hii imeiva vizuri."
Hakuna aliyecheka. Kisha tukacheka wote,
Somoe zaidi, huku machozi yanamtoka.

Ubavu ukashuka taratibu, kama mkate uliofunguliwa mapema.
Pumzi arobaini na nane. Thelathini na mbili.
Nikafunua mdomo chini ya mwanga wa simu
yenye chaji asilimia nne:
fizi zinarudi, waridi hafifu, kwa kusitasita.

Sikumwahidi kitu. Uchachu ulikuwa bado ndani.
Nikamwachia dawa, nikakataza makapi,
majani makavu tu, maji kidogo kidogo.
"Na wewe nikulipe nini?"
"Mnada wa pili."
"Basi na mimi nimekuwa na Deni wawili."

Siku ya tatu simu ikaita. Hakuna salamu.
Nikasikia kishindo cha kitu kinasogezwa,
kengele, upepo kidogo,
halafu, karibu kabisa na sikio langu,
taya:
kru, kru, kru,
kimya, tonge linapanda,
kru.