Kilindo

Gome halimngoji mtu. Mvua za kwanza zikishuka
na utomvu ukapanda, una wiki tatu, pengine nne;
baada ya hapo linang'ang'ania mti
kama mtoto anayekataa kushushwa mgongoni.
Hivyo aliniambia Ndahani nilipofika Chikuyu
na viatu vya ofisini, na daftari.

"Daftari la nini?"
La kuandikia vipimo.
Akacheka hadi akashika kiuno.

Miaka thelathini na moja nilitunza majalada ya wizara,
kwanza Dar, kisha tukahamishiwa Mtumba, sisi na makabati yetu.
Najua kufunga, kugonga muhuri, kuandika SIRI kwa wino mwekundu.
Sikujua kwamba kisu kikizama kupita unene wa ukucha
gome hupasuka kimoyomoyo,
na ufa huuoni ila siku ya kukunja.

Mtundu wetu ulikuwa umeangushwa kupisha barabara.
Tuliuvua kama anavyovuliwa shati mgonjwa:
mkono huu, polepole, sasa ule.
Upande wa ndani ulikuwa na rangi ya ulimi,
ukinukia chai iliyosahaulika kikombeni.

Kisha moto. Karibu, lakini si karibu hivyo.
Gome la kwanza nililiunguza.
La pili likavunjika magotini pangu.
La tatu likanitii nusu ya safari,
likafyatuka, likanizaba kofi
mbele ya Foibe, binti wa mwenye nyumba,
aliyeniletea maji akiwa ameuma kanga asicheke.

La nne nikalishona.
"Usivute kwa hasira, kamba ina masikio."
Msharasi ukatoboa gome, ukatoboa na kidole.
Kitako ni duara, na duara halina pa kuanzia:
unakwangua, unajaribu, unakwangua,
hadi kiingie kwa mlio mdogo
kama mlango unaofungwa usiku na mtu aliyechelewa.
Changu hakikulia.

Ndahani akamimina uwele, akafunika, akakipindua.
Jogoo akaja mbio.
"Basi," akasema, "huyo ndiye mkaguzi."

Mke wangu alikinusa, akakigeuzageuza,
akatia humo funguo za nyumba zote tulizowahi kupanga,
Temeke, Tabata, Nkuhungu,
kwa kuwa funguo hazivuji.
Kiko juu ya kabati. Kifuniko kimekaa upande.
Kila nikipita nakisukuma kwa kidole gumba.
Kinarudi upande.